Mguu wa Mtu Mmoja na Mafunzo ya Waganga

Siku moja tuliketi nyuma katika chumba kidogo cha hospitali moja, asubuhi mapema, waganga walipokuwa hawajaanza kuzunguka vitandani. Rafiki yetu alitualika. Desturi ya pahali pale ni hii: mara moja kwa juma waganga wa kupasua, wauguzi na wanafunzi hukutana, na mmoja wao huleta habari ya mgonjwa aliyemshinda au aliyemtatiza, ili wenzake wamwulize maswali. Ukutani palikuwa na taa, na mbele ya taa zilitundikwa picha za radio, zile zinazoonyesha mifupa ndani ya nyama.

Asubuhi ile mganga mmoja, mtu wa makamo mwenye sifa njema mjini, alitundika picha tatu za mguu wa kijana mwendesha pikipiki. Kijana huyo aligongwa na lori. Mfupa wa muundi ulivunjika vipande vipande na ncha yake ikatoboa ngozi. Picha ya kwanza ilikuwa ya siku ya ajali. Ya pili ilipigwa baada ya kupasuliwa: bamba la chuma na skurubu zake vimepangwa sawasawa, hata sisi tusiojua kitu tuliona kwamba ni kazi safi. Ya tatu ilikuwa ya miezi minne baadaye. Mfupa haukuungana, skurubu zimelegea, na usaha, akasema mganga, ulikuwa ukitoka kila siku. Kisha akasema bila kuinamisha kichwa: «Jeraha lilikuwa pana na chafu. Nililifunga siku ile ile. Sikupaswa kulifunga. Kosa ni langu.»

Chumba kikanyamaza. Mganga mzee mmoja akaanza kuuliza: zilipita saa ngapi tangu ajali hata jeraha kuoshwa? Kwa maji kiasi gani? Dawa ya kuzuia usaha ilipewa lini? Hakumkemea mwenzake hata kidogo. Lakini tulipotoka nje tulisikia wauguzi wawili wakibishana. Mmoja alisema: «Mtu mkubwa hajivui nguo mbele ya wanafunzi. Kesho nani atamwamini?» Mwenzake akamjibu: «Mficha uchi hazai, yaya.»

Maneno hayo mawili yalitufuata njiani mpaka nyumbani, nasi twataka kuyapima hapa. Je, mganga aliyemwumiza mtu kwa kukosa, atenda vema akilionyesha kosa lake mbele ya wenzake? Na yule mwenye mguu, yeye ana neno gani katika jambo hili?

Kwanza tutazame kazi yenyewe. Mifupa ya mtu mzima ni 206, na kila mmoja waweza kuvunjika kwa namna nyingi. Mivunjiko myepesi kila mganga huiona mpaka akaizoea: mkono wa mtoto aliyeanguka mwembeni, kifundo cha mama aliyeteleza kisimani. Lakini iko mivunjiko ya namna nyingine: nyonga iliyopondwa, goti lililopasuka ndani, muundi uliotoboa ngozi na kuacha kipande chake barabarani. Hiyo mganga wa hospitali ndogo aweza kuiona mara moja moja tu, na kila mara kwa sura mpya. Kitabu chamfundisha njia kuu. Hakimwambii afanye nini saa nane za usiku, iwapo ngozi ya kufunika mfupa haipo na chuma alicho nacho kabatini ni kifupi. Mambo kama hayo hufunzwa na mtu aliyekwisha kupita njia ile.

Na kama kila mganga akijifunza kwa wagonjwa wake peke yao, basi kosa moja litatendwa mara nyingi kama walivyo waganga wenyewe. Mmoja wa Bukavu ataharibu mguu ndipo ajue. Mwingine wa Kalemie ataharibu wa pili ndipo ajue neno lile lile. Na wa Kolwezi vilevile. Miguu mitatu kwa fundisho moja! Hapo twaona kwamba kunyamaza si jambo la mganga na heshima yake tu. Mwenye kunyamaza amemwandalia mtu asiyemjua, wa mji asioufika, msiba ule ule alioushuhudia kwa macho yake.

Wazee wetu walikuwa na mafundi wa kuunga mifupa, na wako mpaka sasa. Wengine wana mikono ya ajabu kwa mvunjiko usiotoboa ngozi. Ufundi wao mara nyingi ulikuwa siri ya nyumba, baba kwa mwana. Hatuwacheki, maana siri ile ilikuwa chakula chao. Ila siri ina hasara yake: fundi akifa, makosa yake huzikwa pamoja naye bila kumfaa mtu. Wala tusidhani kwamba waganga wa Ulaya na Marekani walikuwa wepesi zaidi wa kufungua kinywa.

Katika mji wa Boston, Marekani, palikuwa na mganga wa kupasua aitwaye Ernest Amory Codman, mtu aliyejua sana magonjwa ya bega. Neno lake lilikuwa jepesi, hata wenzake wakalisikia kama tusi: kila hospitali imfuate kila mgonjwa baada ya kutoka, kwa muda wa kutosha, ijue kama matunzo yalimfaa, na kama hayakumfaa, iulize sababu. Mwaka wa 1911 alifungua hospitali ndogo yake mwenyewe ili atende aliyoyasema. Mpaka mwaka wa 1916 wagonjwa 337 walikuwa wametoka humo, naye akahesabu makosa 123 na kuyachapa katika kitabu, watu wote wasome. Katikati ya miaka hiyo, mwaka wa 1914, aliacha kazi katika hospitali kubwa ya mji, kwa kuwa huko waganga walipandishwa cheo kwa kufuata miaka yao ya kazi, si kwa kufuata hali ya wagonjwa wao. Mwaka wa 1915, mbele ya mkutano wa waganga, alifunua picha kubwa ya kuchekesha: ndege mbuni ameficha kichwa mchangani, asione kitu, huku waganga wakipokea mayai yake ya dhahabu.

Hawakucheka. Alipoteza uenyekiti wa mkutano ule na nafasi yake ya kufundisha katika chuo kikuu cha Harvard. Alikufa mwaka wa 1940, na kaburi lake halikuwekwa jiwe lenye jina mpaka mwaka wa 2014.

Sisi twamheshimu Codman, lakini twaona pia kwamba yule mbuni alimharibia kazi. Kujifunua mwenyewe ni jambo moja. Kuwafunua wenzako kwa nguvu ni jambo la pili. Mtu akichekwa hafungui daftari lake, hulificha chini zaidi.

Wengine walipata njia ya upole. Mwaka wa 1950 mganga kijana wa Uswisi, Maurice Müller, alikwenda Bruxelles kumwona Robert Danis, Mbelgiji ambaye mwaka uliotangulia alitoa kitabu juu ya kuunga mifupa kwa vyuma. Müller aliona kwa macho jambo ambalo wengi hawakulisadiki: mfupa uliobanwa sawasawa waungana bila uvimbe wa mfupa mpya, na mgonjwa aweza kuchezesha viungo vyake mapema, badala ya kulala majuma mengi ndani ya plasta mpaka goti likawa gumu kama mti. Mwaka wa 1958 yeye na wenzake, jumla yao 13, walikutana mjini Biel wakaanzisha chama cha kuchunguza kazi hiyo.

Wakati ule waganga wengi waliogopa kufungua ngozi nzima ili kutia chuma, nao walikuwa na haki ya kuogopa, maana usaha ukiingia mfupani hautoki kwa urahisi. Wale 13 wangeweza kujisifu tu na kuonyesha picha nzuri. Badala yake walipatana kwamba kila mvunjiko watakaoupasua uandikwe, na picha zake zihifadhiwe pahali pamoja, huko Davos: ya siku ya kwanza, ya baada ya kupasuliwa, na nyingine tena mwaka ukipita. Tangu Desemba 1960 wakaanza kuwafundisha wageni palepale Davos. Hatusemi kwamba walikuwa watu wasio na tamaa. Vyuma vyao viliuzwa, na mwenye kitu cha kuuza hupenda kuonyesha kilichofaulu. Ndiyo sababu daftari lile lilikuwa na thamani. Lilidai mwisho wa habari, hata kwa mgonjwa ambaye mganga wake angependa kumsahau.

Hata lile fundisho alilolikosa mganga wa asubuhi ile lilikuwa limekwisha kulipiwa na watu wengine zamani. Mwaka wa 1976 waganga wawili wa Minneapolis, Marekani, Gustilo na Anderson, walitoa habari ya mivunjiko 1,025 iliyotoboa ngozi. Kwanza walirudi nyuma wakapekua 673 ya miaka 1955 mpaka 1968. Halafu wakafuata 352 kwa mpango maalumu, toka 1969 mpaka 1973. Wakaitenga kwa namna tatu: yenye kidonda kisichofika sentimita moja na kilicho safi, yenye kidonda kikubwa zaidi, na ile ya tatu, ambayo nyama imepondeka na uchafu umeingia. Wakaonya kwamba kidonda cha namna ya tatu kisifungwe siku ya kwanza. Mwaka wa 1984 Gustilo alirudi na wenzake wengine kusema kwamba namna ile ya tatu ilikuwa imechanganya mambo yasiyolingana, yafaa igawanywe tena mara tatu. Tazama ginsi walivyotenda! Hawakuona haya kusahihisha kazi iliyokwisha kuwapa jina.

Basi mwuguzi wa pili alikuwa na haki, yule wa methali. Lakini tusimwache wa kwanza upesi hivyo, maana ndani ya desturi hii njema iko mitego.

Kaa na waganga wa mifupa siku moja utasikia mtu akisema: «Leo nimepata mvunjiko mzuri!» Mara ya kwanza tulipolisikia neno hilo tulishtuka. Mzuri kwa nani? Mtu amelala anauma meno, mkewe analia kwenye baraza, na huyu anafurahi kama mvuvi aliyenasa samaki mkubwa. Baadaye tulifahamu kwamba si ukatili. Fundi hupenda kazi inayompima. Lakini kupenda huko kwaweza kumpoteza. Mvunjiko wa ajabu huletwa mbele ya wenzake, watu wakautazama kwa hamu; na kifundo cha yule mama wa kisimani, kilichoungana vibaya kwa uzembe mtupu, hakuna anayekileta, kwa sababu hakina ajabu wala sifa. Nacho ndicho kinachotokea mara nyingi.

Mtego mwingine ni kuleta ushindi tu. Mganga aonyesha mfupa ulionyooka, wenzake wamsifu, wanafunzi waandike, nao warudi kwao wakajaribu yale yale kwa mkono usiozoea. Aliyeonyesha hakusema uongo. Alinyamaza tu juu ya wale wanne waliotangulia.

Tena picha yenyewe haisemi yote. Mwaka wa 1994 watafiti wawili, Brumback na Jones, walitoa habari ya jaribio hili: waganga wa mifupa 245 walionyeshwa wagonjwa 12 waliovunjika muundi kwa kutoboka ngozi, wakaulizwa kila mvunjiko ni wa namna ipi kati ya zile za Gustilo. Walipatana, kwa wastani, sitini tu katika mia. Nao ni watu waliosoma kazi ile ile na kutazama mguu ule ule! Picha ya radio haionyeshi nyama iliyokufa, wala saa ngapi mgonjwa alibebwa katika machela kabla ya kufika barabarani. Kwa hiyo mganga aliye mbali, akitoa shauri kwa ukali kwa sababu ameona picha mbili, ajihadhari. Yule mzee wa asubuhi ile aliuliza kwanza juu ya saa na maji. Shauri alilitoa mwisho.

Sasa twaja kwa mwenye mguu. Katika vita vya 1939 mpaka 1945, waganga wa Uingereza na Marekani walipowatazama askari wao waliorudi kutoka kifungoni Ujerumani, walikuta ndani ya mapaja ya wengine msumari mrefu wa chuma, toka juu mpaka chini. Ulikuwa ufundi wa Gerhard Küntscher, mganga wa Kiel, aliyeutumia mara ya kwanza mwaka wa 1939. Mwanzoni walistaajabu na hata kuogopa. Halafu wakaona watu wale wakitembea, nao wakajifunza. Ni habari ya kufurahisha, maadui kufundishana kupitia mfupa wa askari. Lakini askari mwenyewe alikuwa kama bahasha tu: barua imo ndani, wala hakuna anayeiuliza bahasha kitu.

Hivyo haifai. Mfupa si mali ya mganga aliyeuunga. Siri ya mwili wa mtu amekabidhiwa, hakupewa iwe yake. Akitaka kuionyesha kwa wenzake, sharti aombe. Na aombe kwa namna ambayo mgonjwa aweza kukataa bila kuogopa kwamba kesho atafungwa kidonda na mtu aliyemkasirikia. Jina lifichwe, uso ufichwe. Hata hayo hayatoshi, maana katika mji mdogo mtu hujulikana kwa ajali yake.

Tulimwuliza rafiki yetu kama kijana yule aliombwa. Akatupeleka wodini tukamwulize mwenyewe. Alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya mto. Akasema: «Ndiyo, papa munganga aliniomba. Alikaa hapa kitandani, akaniambia ni yeye aliyekosa. Nilikasirika siku mbili. Halafu nikamwambia: waonyeshe. Lakini uwaambie pia kwamba nina mke na watoto wawili, na pikipiki ilikuwa ya mkopo.»

Twakumbuka vizuri kwamba mganga hakuyasema hayo mbele ya taa. Hatudhani alificha, labda hakuona pahali pa kuyaweka. Kuna nafasi ya miaka ya mgonjwa, ya aina ya mvunjiko, ya ukubwa wa skurubu. Nafasi ya mkopo haipo.

Watu husema, kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hiyo twaipenda, lakini tuitumie kwa uangalifu. Humfariji aliyekosa, mwenye mguu haimrudishii kitu. Mganga aliyekiri mbele ya wenzake amelipa sehemu ya deni lake kwa wagonjwa watakaokuja. Kwa yule aliyekwisha kuumia hajalipa bado. Ni hatari kubwa, tena ya siri, kwamba mtu akiisha kusifiwa kwa unyofu wake ataona moyo mwepesi na kusahau kwamba kitanda namba fulani bado kina mtu.

Kwa hiyo twaipenda desturi moja kuliko nyingine zote tulizosikia. Mwaka wa 1999 mganga wa Marekani, Lewis Zirkle, aliyepata kutumika kama mganga wa askari katika vita vya Vietnam, alianzisha shirika liitwalo SIGN. Hutengeneza misumari ya mapaja na miundi inayoweza kutiwa na skurubu zake bila mashine ya picha chumbani mwa kupasulia, maana hospitali nyingi za nchi maskini hazina mashine hiyo. Pasipo msumari, mtu aliyevunjika paja hulala majuma sita, mara nyingi hata kumi na mawili, mguu ukivutwa kwa uzito, na shamba lake likamea majani. Hospitali ikituma habari ya kila mgonjwa pamoja na picha zake, waganga wengine huzitazama na kutoa shauri, na msumari uliotumika hurudishiwa mwingine. Kisha huombwa picha moja isiyo ya radio: mgonjwa amechuchumaa. Basi! Akiweza kushuka mpaka chini na kuinuka, paja limepona, na kila mtu aelewa, hata asiyesoma.

Ila picha hiyo ndiyo ngumu kupata. Si kwa sababu watu hawaponi. Mtu aliyepona yuko kijijini, siku mbili kwa barabara mbovu, wala haoni sababu ya kulipa nauli ili achuchumae mbele ya mganga. Na mtu asiyepona haji pia, kwa kuwa fedha zimekwisha au amekata tamaa. Hivyo mafunzo hukatika pale pale yanapohitajiwa. Sisi twasema nauli hiyo si sadaka. Ni sehemu ya matunzo, kama plasta na uzi.

Kijana wetu aliondolewa bamba na mfupa uliokufa, akafungwa vyuma vya nje muda wa miezi mingi, akarudishwa kwao. Mwaka uliofuata rafiki yetu alitueleza kwamba mganga alituma fedha za safari kwa mkono wa dereva, mara mbili, maana mara ya kwanza hazikufika. Kijana akaja. Mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake kwa sentimita tatu, naye anachechemea. Aliombwa achuchumae. Alishuka polepole, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda, akakaa hivyo kidogo, akainuka. Juma lile, asubuhi mapema, picha ya nne ilitundikwa kando ya zile tatu, na safari hii kijana mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa mbele, akiulizwa maswali.